Panya, Gari Lililoegeshwa Uani na Usalama wa Mtoto

Mazungumzo haya ni ya mama, nyanya, shangazi, yaya, na mtu yeyote ambaye ameachiwa mtoto amlee. Baba naye, kama yuko karibu na redio, asitoke, kwa sababu jambo la leo linamhusu sana.

Leo tutazungumza juu ya panya. Lakini hatutaanzia jikoni wala ghalani, mahali tulipozoea kumtafuta. Tutaanzia nje, uani, chini ya boneti ya gari lililoegeshwa. Huenda ukasema, "Mimi sina gari. Hayo ni mambo ya fundi." Ngoja kidogo, mama. Huenda jirani yako analo, au mwenye ploti, au kuna matatu au tuktuk inayolala hapo mlangoni kwenu. Tena yale ambayo watu hufanya ili kumfukuza panya kwenye gari ndiyo yale yale wanayofanya ndani ya nyumba, na mengine yana hatari kubwa kwa mtoto kuliko panya mwenyewe.

Hebu tuchukue mfano.

Kuna familia moja yenye pikapu ya zamani. Baba huibeba mizigo ya viazi na mahindi siku mbili kwa wiki, siku za soko. Siku nyingine zote pikapu hukaa uani, kati ya ghala la mahindi na rundo la kuni. Asubuhi moja baba anaingia, anazungusha ufunguo, gari haliwaki. Fundi anaitwa. Anafungua boneti na kukuta nyasi kavu, vipande vya gunia, magunzi, na nyaya zimetafunwa mpaka shaba inaonekana. Anazitengeneza, analipwa, anaenda. Baada ya wiki tatu mambo ni yale yale.

Safari hii baba anakasirika. Siku ya soko anakutana na mchuuzi mwenye kipaza sauti: "Dawa ya panya, mende, kunguni!" Ananunua pakiti mbili ndogo zisizo na maandishi yoyote. Moja anaichanganya na unga na omena, anaiweka kwenye kifuniko cha mkebe chini ya gari. Nyingine anaiacha kwenye kiti cha gari. Hamwambii mtu.

Je, mtoto wa miaka miwili hucheza wapi jua likiwa kali? Hucheza penye kivuli. Na kivuli kiko chini ya gari. Jioni mama anamkuta mtoto ana unga mdomoni, mate yanamtoka, amelegea. Anapiga kelele. Jirani anakuja mbio na kikombe cha maziwa. Baba anakimbilia pikapu ampeleke mtoto hospitalini. Pikapu haiwaki. Panya wamekata waya tena.

Mama mpendwa, huu ni mfano tu, lakini kila sehemu yake ni jambo linaloweza kutokea katika boma lolote lile. Tutaiacha familia hiyo hapo kwa muda, halafu tutairudia. Kwanza nataka tuelewane juu ya jambo moja, nalo ndilo kiini cha mazungumzo ya leo: panya hufukuzwa kwa kunyimwa chakula na mahali pa kulala. Hafukuzwi kwa kutandaza sumu mahali ambapo mtoto anafika.

KWA NINI PANYA ANAPENDA GARI?

Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote. Ni lazima atafune vitu vigumu ili meno hayo yasirefuke kupita kiasi. Ndiyo maana hutafuna mbao, sabuni, plastiki na nyaya hata kama havimshibishi.

Gari nalo linampa mambo matatu. La kwanza ni joto. Gari likitoka safari, injini hubaki na joto kwa saa kadhaa, na usiku wa baridi panya hulifuata. La pili ni maficho. Chini ya boneti ni giza, paka hafiki kwa urahisi, mbwa hafiki kabisa. La tatu ni chakula kilicho karibu. Ghala liko hapo, jaa la takataka liko hapo, na ndani ya gari kuna makombo ya biskuti na njugu ambazo watoto wameangusha.

Panya jike hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu hivi tu, na huweza kuzaa watoto sita, wanane au zaidi kwa mara moja. Baada ya miezi mitatu hivi watoto hao nao huanza kuzaa. Kwa hiyo ukiona dalili ya panya mmoja leo, usiseme utashughulika mwezi ujao.

Dalili zenyewe ni hizi: kinyesi cheusi mfano wa punje za mchele, harufu kali ya mkojo unapofungua gari asubuhi, sponji ya kiti iliyotobolewa, nyasi na matambara karibu na injini, au taa fulani ya gari kukataa kuwaka bila sababu. Ukisikia harufu ya petroli, au ukiona taa ya onyo mbele ya dereva ambayo haikuwako jana, usipakie watoto. Mwite fundi kwanza. Waya ulio wazi unaweza kutoa cheche, na kiota cha nyasi kavu kikiwa karibu na bomba la moshi lenye joto kinaweza kushika moto.

PANYA ANALETA UGONJWA GANI?

Msikilizaji, waya hununuliwa tena. Afya ya mtoto hainunuliwi. Panya hukojoa na kunya kila anapopita: kwenye kiti cha gari, kwenye blanketi la mtoto uliloacha humo, kwenye sufuria, kwenye unga.

Ugonjwa mmoja unaotoka kwenye mkojo wa panya unaitwa leptospirosisi. Vijidudu vyake huingia mwilini kupitia ngozi iliyochubuka, macho au mdomo, hasa mtu anapokanyaga au kunywa maji yaliyochafuliwa na mkojo huo. Mgonjwa hupata homa, kichwa kikali, maumivu ya misuli hasa nyuma ya miguu, na macho mekundu. Wengine macho yao huwa ya manjano. Mwaka 2004 ugonjwa huu ulizuka katika wilaya ya Bungoma, magharibi mwa Kenya, na miongoni mwa walioshikwa kulikuwa na wanafunzi. Kwa kuwa homa yake inafanana na malaria, watu wengine hununua dawa ya malaria dukani na kungoja. Usifanye hivyo. Mtoto akiwa na homa, mpeleke akapimwe. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, mwambie daktari au muuguzi kwamba kwenu kuna panya wengi. Neno hilo dogo linaweza kumsaidia kujua atafute nini. Leptospirosisi inatibika, hasa ikijulikana mapema.

Ugonjwa mwingine ni tauni, ambao huenezwa na viroboto wa panya. Mwaka 1902, Nairobi ikiwa bado mji mdogo wa reli, tauni ilizuka katika soko la Wahindi na wakuu wa serikali ya kikoloni wakaamuru soko hilo lichomwe moto. Siku hizi tauni si ugonjwa wa kawaida kwetu, lakini fundisho lake halijaisha. Panya akifa, viroboto wake humwacha na kutafuta mwili mwingine wenye joto. Kwa hiyo usimshike panya aliyekufa kwa mkono mtupu, wala usiwaache watoto wamburute kwa kamba wakicheza.

Panya pia huchafua chakula na kuleta magonjwa ya kuhara. Na usiku anaweza kumuuma mtoto mchanga kwa kuvutiwa na harufu ya maziwa au uji. Mfute mtoto uso na mikono kabla ya kumlaza, na usimlaze na chupa ya maziwa. Mtoto akiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huko wataangalia pia kama amepata chanjo ya pepopunda.

JINSI YA KULINDA GARI NA BOMA

Sasa tufanye nini? Haya ni mambo ambayo hayahitaji pesa nyingi.

Jambo la kwanza ni mahali pa kuegesha. Usiegeshe gari kando ya ghala, rundo la kuni, kichaka, banda la kuku au jaa la takataka. Liegeshe mahali peupe palipofyekwa na kufagiliwa. Panya haogopi gari, lakini anaogopa kuvuka uwanja mtupu. Kama huna nafasi nyingine, basi hamisha kuni, na uziinue juu ya mawe au mbao ili chini yake paonekane.

Jambo la pili ni chakula. Gari likirudi jioni, litolewe kila kitu kinacholiwa: maganda ya ndizi, mahindi ya kuchoma, chupa ya uji, gunia lililobeba chakula cha kuku. Kung'uta zulia la gari. Na nyumbani, weka unga, mchele na maharagwe kwenye debe au ndoo yenye kifuniko kinachobana. Osha vyombo kabla ya kulala. Chakula cha mbwa kisilale nje. Jaa la takataka lifunikwe au takataka zizikwe.

Jambo la tatu, gari lisikae kama nyumba. Gari linalotumika kila siku halimpi panya nafasi ya kujenga. Kama halitumiki, liendeshwe kidogo au liwashwe kila baada ya siku chache, na boneti ifunguliwe mtu achungulie. Lakini gari lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wake unaua bila mtu kujua. Wengine huacha boneti wazi usiku ili mwanga na hewa viingie na panya akose maficho. Hilo husaidia, kama hakuna mvua na kama huogopi wezi wa betri.

Jambo la nne ni kuziba matundu. Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu ambalo kalamu inapita, na panya mkubwa hupita kwenye tundu la upana wa kidole gumba. Kwenye ukuta, ziba kwa saruji au wavu wa chuma, si kwa matambara wala karatasi, maana hayo atayatafuna. Kwenye gari, mwambie fundi aweke wavu mgumu wenye matundu madogo mahali hewa inapoingilia. Usifanye mwenyewe, kwa sababu kuna sehemu za injini ambazo huzunguka na nyingine hushika moto. Vioo vya gari vifungwe usiku.

Jambo la tano ni mtego. Mtego wa kufyatuka ukiwekwa vizuri unafanya kazi sana. Weka karanga iliyopondwa au kipande cha omena. Uweke kando ya ukuta, kwa sababu panya hupenda kupita akigusa ukuta. Utie ndani ya sanduku la mbao lenye tundu ambalo panya anapita lakini mkono wa mtoto haufiki kwenye mtego. Tega watoto wakishalala, na utegue kabla hawajaamka. Hesabu mitego yako: ukitega minne usiku, asubuhi uondoe minne. Ukiuweka ndani ya gari, ufunge kamba inayoning'inia nje, ili dereva akumbuke.

Na paka je? Paka husaidia, lakini si wote wawindaji, na paka mmoja hatoshi kama chakula kimezagaa. Mama mjamzito asishike kinyesi cha paka, kwa sababu kinaweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru mtoto aliye tumboni. Mtu mwingine aifanye kazi hiyo.

Kisha kuna tabia moja nzuri ambayo kila dereva aifuate. Kabla ya kuwasha gari, azunguke lote, apige boneti kwa kiganja, na achungulie chini. Pengine kuna paka kwenye injini. Pengine, na hili ndilo kubwa, kuna mtoto amelala kivulini.

MAMBO YA KUEPUKA

Watu hushauriana mengi. Kuna wanaosema weka pilipili, weka vitunguu, weka majani yenye harufu. Harufu hizo huisha upesi na panya huzizoea. Usizitegemee. Na pilipili ya unga ikipeperushwa ndani ya gari huingia machoni mwa watoto.

Kuna wanaotumia naftalini, vile vidonge vyeupe vya harufu kali ambavyo huwekwa kwenye masanduku ya nguo. Huvitupa chini ya kiti cha gari au kwenye injini. Mama, vidonge hivyo mtoto huviona kama peremende. Tena kuna watoto waliozaliwa na upungufu fulani katika damu unaoitwa G6PD. Upungufu huo hupatikana zaidi katika sehemu zenye malaria, kama vile Pwani na eneo la Ziwa Victoria. Kwa mtoto wa namna hiyo, naftalini inaweza kuvunja chembe za damu. Hupauka, macho huwa ya manjano, na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Usiviweke kwenye gari linalobeba mtoto, wala kwenye nguo na blanketi za mtoto mchanga.

Kuna wanaomwaga mafuta taa kuzunguka gari na kuacha yaliyobaki kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu haulizi chupa ina nini. Mafuta taa yakimezwa huweza kuingia kwenye mapafu. Usiweke mafuta taa, dizeli wala dawa yoyote kwenye chupa ya kinywaji.

Na sasa sumu ya panya. Kwa nini nasema isiwekwe ndani wala chini ya gari? Kwanza, ni mahali ambapo mtoto anafika na mtu mzima haoni. Pili, panya aliyekula sumu anaweza kufia ndani ya gari mahali pasipofikika, ukabaki na uvundo. Tatu, kuku au paka atakayekula panya yule naye anaweza kufa, na mtu akamchinja kuku mgonjwa jamii ikala.

Sumu mbaya zaidi ni ile ya kupimiwa kwenye karatasi, isiyo na jina. Huwezi kujua ni nini. Nyingine ni dawa kali za shambani ambazo hazikukusudiwa nyumba hata kidogo. Hapa Kenya dawa za kuua wadudu na panya husajiliwa na bodi ya serikali inayoitwa PCPB. Dawa iliyosajiliwa huwa na lebo: jina lake, kilichomo ndani, jinsi ya kuitumia, na la kufanya mtu akiimeza. Kama panya wamezidi kabisa, zungumza na afisa wa afya ya umma wa eneo lako. Akishauri sumu itumike, iwe ni ile yenye lebo, iwekwe ndani ya kisanduku kigumu kinachofungwa kwa ufunguo, kila mtu mzima nyumbani ajue iko wapi, na mabaki yaondolewe kazi ikiisha. Pakiti yenyewe ifungiwe mahali pa juu, mbali na chakula.

MTOTO AKILA SUMU YA PANYA

Msikilizaji, kama una kalamu, andika hapa. Kama huna, mwite mtu mwingine asikilize pamoja nawe.

Mwondolee mtoto iliyobaki mdomoni kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Msukutulie mdomo kwa maji, ayateme. Kama sumu imemwagika mwilini, mvue nguo na umwoshe kwa sabuni na maji mengi.

Usimtapishe. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi, mayai mabichi, mafuta ya kupikia wala makaa yaliyopondwa. Na maziwa je? Najua wengi wetu tumelelewa tukiambiwa maziwa huua sumu. Hayaui sumu. Mtoto aliyelegea anaweza kupaliwa nayo yakaingia kwenye mapafu, na kuna sumu za panya ambazo mafuta ya maziwa huweza kuzisaidia kuingia mwilini. Zaidi ya hayo, muda unaopotea ukichemsha au ukitafuta maziwa ni muda wa kufika hospitalini.

Kama amezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe. Mbebe hivyo hivyo njiani.

Chukua pakiti, karatasi, au hata kile kifuniko kilichokuwa na sumu, ukiweke kwenye mfuko wa plastiki, uende nacho. Osha mikono. Kama hakuna pakiti, mwambie daktari ilikuwa na rangi gani, harufu gani, na ilinunuliwa wapi. Matibabu ya sumu moja si matibabu ya nyingine.

Nenda hata kama mtoto anacheza. Hapa nataka unisikilize vizuri. Kuna sumu zinazofanya kazi kwa dakika chache: mate mengi, jasho, mboni za macho kuwa ndogo sana, kutetemeka, kupumua kwa shida. Na kuna nyingine, hasa zile za vipande vya rangi ya buluu, kijani au waridi, ambazo huzuia damu kuganda. Mtoto atacheza leo, atacheza kesho, na baada ya siku mbili mpaka tano aanze kutokwa damu puani, kwenye ufizi au kwenye choo, au apate madoa ya damu chini ya ngozi. Hospitalini kuna dawa yake, nayo ni vitamini K, lakini inafaa zaidi ikianzishwa mapema. Rangi peke yake haitoshi kukuambia ni sumu gani. Kwa hiyo usikae nyumbani ukimchunguza.

Usingoje gari moja tu. Zungumza leo na majirani: nani ana gari, nani ana pikipiki, nambari yake ni ipi, usiku hupatikana? Andika nambari hizo ukutani. Nambari za dharura za polisi ni 999 na 112.

KUSAFISHA PALIPOKAA PANYA

Ukikuta kiota kwenye gari au stoo, usikimbilie ufagio. Kufagia pakavu hurusha vumbi lenye mkojo na kinyesi, nawe unalivuta. Fungua milango hewa ipite kwa nusu saa. Watoto wakae mbali. Vaa glavu, au funga mifuko ya plastiki mikononi. Changanya jiki kipimo kimoja na maji vipimo tisa, unyunyizie mpaka palowe, ungoje dakika tano, kisha uokote kwa karatasi. Zika au choma. Kama kiota kiko kwenye injini, mwachie fundi, maana maji na nyaya zilizo wazi havipatani. Mwisho osha mikono kwa sabuni. Nguo na blanketi zilizokuwa humo zifuliwe na kuanikwa juani.

TUIRUDIE ILE FAMILIA

Tuliiacha na mtoto amelegea, jirani ameshika maziwa, na gari limekataa kuwaka. Katika mfano wetu, mama huyo aliwahi kusikia mazungumzo kama haya. Alimwambia jirani, "Asante dada, lakini tusimpe kitu." Alimfuta mtoto mdomo, akamvua nguo iliyojaa unga, akamfunga leso safi. Baba alipiga simu kwa kijana wa bodaboda. Mama alipanda akiwa amemlaza mtoto kwa ubavu mapajani, na kile kifuniko cha mkebe kiko kwenye mfuko. Daktari alipokiona alijua pa kuanzia. Mtoto alilazwa, akapona.

Jumamosi iliyofuata familia ilihamisha kuni. Pikapu ikapata mahali pengine penye uwanja mtupu. Pakiti ya pili iliyokuwa kwenye kiti cha gari ilipelekwa kwa afisa wa afya, na mitego mitatu ikanunuliwa. Mambo haya yote yangeweza kufanywa kabla ya mtoto kuumia. Ndiyo sababu nimekuzungumzia leo.

Mama, ukizima redio, fanya jambo moja tu kabla ya usiku. Toka nje, inama, uchungulie chini ya gari lililo karibu nawe, kisha chini ya kitanda na nyuma ya kabati. Muulize kila mtu mzima wa nyumba hiyo, na mwenye ploti pia: "Kuna sumu ya panya mahali popote? Iko wapi?" Baba asione haya kujibu.



MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mnyime panya chakula na maficho. Egesha gari mahali peupe, na litolewe makombo kila jioni.
2. Sumu, naftalini na mafuta taa visiwekwe ndani wala chini ya gari.
3. Tumia mtego ndani ya sanduku, utege usiku, utegue alfajiri.
4. Kabla ya kuwasha gari, zunguka, piga boneti, chungulia chini.
5. Mtoto akila sumu: usimtapishe, usimpe maziwa, chukua pakiti, nenda hospitalini mara moja hata kama anacheza.
6. Lowesha kwanza, ndipo usafishe.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika ploti au kijiji chetu, magari na pikipiki hulala wapi? Kuna nini karibu yake?
2. Tumezoea kumpa mtoto nini akimeza sumu? Baada ya mazungumzo haya, tutabadilisha nini?
3. Usiku wa manane, nani kati yetu anaweza kumfikisha mtoto hospitalini? Je, tuna nambari yake?
4. Tunaweza kuchagua siku gani ya mwezi tufyeke na kusafisha pamoja?